Kulipia kuruka foleni kwenye bustani za burudani: ipi ununue, ipi uiache

Kwa atakayesoma aya moja tu: lipia ikiwa unakwenda Magic Kingdom, bustani ya Disney kule Florida, siku yenye watu wengi, au ikiwa mnakwenda Universal Orlando mko wanne au watano na mnaweza kulala usiku mmoja kwenye hoteli ambayo Express, yaani pasi ya Universal ya kuruka foleni, imo ndani ya bei ya chumba. Kwingineko, mara nyingi ni heri pesa hiyo ibaki mfukoni, mradi muwe mlangoni kabla bustani haijafunguliwa.

Aliyekwenda Disney World zamani atakuta hesabu zimebadilika. Tangu 1999 hadi bustani zilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 2020, njia ya haraka iliyoitwa FastPass haikuwa na malipo ya ziada. Oktoba 2021 ikaja Genie+ kwa dola 15 kwa kichwa kwa siku. Julai 2024 jina na kanuni zikabadilika tena, ikawa Lightning Lane Multi Pass, na bei yake hupanda na kushuka kila siku: dola 15 na ushei siku tulivu, zaidi ya 35 siku za sikukuu. Kwa familia ya watu watano hiyo ni bili ya pili juu ya tiketi, kila siku ya safari. Watu huja kutoka Nairobi au Dar kuwatembelea ndugu, wengine wako hukohuko Texas au Ohio na wameweka akiba mwaka mzima. Uamuzi wa namna hii ufanyike nyumbani kwa kikokotoo, si getini watoto wakikuvuta nguo na simu ikikuonyesha kwamba nafasi zinakwisha.

Unachonunua hasa

Hakuna bustani inayoongeza viti kwa sababu umelipa. Chukua rola kosta yenye treni za viti 24, treni moja ikiondoka kila baada ya sekunde 90. Hizo ni treni 40 kwa saa, yaani watu 960. Karibu na mwisho wa foleni kuna mahali ambapo njia mbili zinakutana, na mhudumu aliyesimama hapo ndiye anayepitisha: wangapi kutoka njia ya kulipia, wangapi kutoka foleni ya kawaida. Akigawa nusu kwa nusu, foleni ya kawaida inabaki na viti 480 kwa saa. Watu 480 waliopanga mstari, ambao wangekwisha kwa nusu saa, sasa watachukua saa nzima. Na akipitisha waliolipa zaidi ya nusu, waliobaki husimama muda mrefu zaidi ya huo.

Kwa hiyo dakika anazookoa aliyelipa zinatoka kwa asiyelipa. Jambo hilo si zuri, na tunaona vibaya kwamba kampuni inayopanga foleni ndiyo hiyohiyo inayouza njia ya kuikwepa. Lakini ndivyo mashine ilivyo, na ukiielewa utajua lini ulipe: siku ya msongamano, kwenye mchezo unaobeba watu wachache kwa saa. Siku tulivu njia zote mbili zinatembea, na pasi inakuwa karatasi tu.

Jambo la pili kabla ya kulinganisha bei: bidhaa hizi si za aina moja. Express ya Universal ni ya kuingia wakati wowote. Ukifika mlango wa mchezo unaonyesha pasi, unapita. Lightning Lane ya Disney ni ya kupangiwa saa. Unachagua mchezo kwenye simu, unapewa muda wa saa moja wa kurudi, na ukiuchelewa umeupoteza. Aina ya tatu ni ya kusubiri pembeni. Kwa miaka mingi Six Flags waliuza Flash Pass ya ngazi tatu, na ile ya bei ya chini haikupunguza kusubiri hata kidogo: ilikushikia nafasi kwa muda uleule wa foleni, tofauti ni kwamba uliweza kukaa kivulini au kula. Anayeuliza bei bila kuuliza aina anaweza kununua kivuli akidhani amenunua muda.

Kipimo kimoja cha kutumia kila mahali

Gawa bei ya tiketi ya siku kwa saa ambazo bustani iko wazi. Tiketi ya dola 156 kwenye bustani inayofunguliwa saa 13 ni dola 12 kwa saa. Hiyo ndiyo bei unayolipa tayari kwa saa moja ya kuwa ndani.

Kisha kadiria muda ambao pasi itakuokolea. Chukua dakika zinazoandikwa kwenye ubao wa kila mchezo unaotaka, jumlisha, punguza robo kwa sababu ubao mara nyingi huandika muda mrefu kuliko unaosubiriwa, halafu toa dakika 10 kwa kila mchezo, maana hata njia ya haraka ina kusubiri kwake. Kinachobaki ndicho unachonunua. Gawa bei ya pasi kwa saa hizo. Ikitoka sawa na saa yako ya tiketi au chini yake, nunua bila wasiwasi. Ikifika mara mbili, angalia mfuko wako na umri wa watoto. Ikipita mara tatu, acha.

Mfano wa siku ya msongamano: michezo sita ya Magic Kingdom, ubao ukisoma 60, 50, 45, 45, 40 na 40. Jumla ni dakika 280; ukipunguza robo zinabaki 210; ukitoa dakika 10 mara sita, 150. Hizo ni saa mbili na nusu. Pasi ikiwa dola 30, kila saa uliyookoa imekugharimu dola 12, sawasawa na saa ya tiketi. Siku ya kawaida ya Septemba ubao huenda ukasoma 30, 25, 20, 20, 20 na 15. Hesabu ileile inakupa dakika 37 hivi, na hata pasi ikiwa dola 18, saa moja inakuwa karibu dola 29. Siku hiyo usinunue, ingawa bei yenyewe ni ndogo. Watu wengi hukosea hapo hapo: wananunua siku ya bei rahisi, ilhali bei imeshuka kwa sababu watu ni wachache, na watu wakiwa wachache hakuna foleni ya kuruka.

Ya kwanza: zile zisizolipiwa

Tunaziweka juu ya zote kwa sababu zinatoa sehemu kubwa ya kile ambacho pasi inauza. Saa ya kwanza baada ya kufunguliwa ndiyo yenye foleni fupi kuliko zote, na unaweza kupanda michezo miwili au mitatu mikubwa kabla ya saa 4 asubuhi. Lakini «kufika mapema» maana yake ni kuwa umeshapita ukaguzi wa mifuko na umesimama getini dakika 45 kabla ya muda ulioandikwa. Kuegesha gari, kupanda kivuko au treni ya kufikisha getini, na ukaguzi, vyote hivyo vinakula muda; Magic Kingdom hasa, kwa kuwa maegesho yako ng'ambo ya ziwa. Anayelala hoteli ya Disney huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, bustani zote, kila siku. Hoteli za Universal hutoa hadi saa nzima kwenye bustani iliyoteuliwa. Hoteli za Disneyland Paris nazo zina saa yao ya mapema.

Njia ya mpanda pweke ni ya pili. Mnagawanyika, kila mtu anajaza kiti kimoja kilichobaki. Ipo Expedition Everest na Millennium Falcon: Smugglers Run kule Florida, ipo kwenye rola kosta nyingi za Universal, na Paris ipo Crush's Coaster na Ratatouille. Hamtakaa pamoja, na watoto wadogo hawaruhusiwi kupanda peke yao, lakini kwa vijana na watu wazima mara nyingi inapunguza kusubiri kwa nusu au zaidi.

Ya tatu, ambayo familia nyingi hazijui kuiomba: kubadilishana kwa wazazi. Mtoto akiwa mfupi kwa mchezo fulani, mzazi mmoja anapanda na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo. Wakitoka, yule aliyebaki anapanda kupitia njia ya haraka bila kuanza foleni upya. Disney wanaiita Rider Switch, Universal wanaiita Child Swap. Mwambie mhudumu wa mlangoni kabla hamjaingia foleni, mtoto mdogo akiwepo ili aonekane. Mara nyingi mtoto mkubwa huruhusiwa kurudi na mzazi wa pili, kwa hiyo hupanda mara mbili. Familia yenye mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa kumi inaweza kuruka foleni kubwa mbili au tatu kwa njia hii peke yake.

Ya pili: usiku mmoja kwenye hoteli ya Universal

Kwa familia, hii ndiyo biashara bora kuliko zote za kulipia. Hoteli tatu za Universal Orlando, yaani Portofino Bay, Hard Rock Hotel na Royal Pacific, zinampa kila aliyeandikishwa chumbani Express Unlimited, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Ukilala usiku mmoja unapata siku mbili. Pasi ya siku moja ikinunuliwa peke yake huanzia karibu dola 100 na hupita 300 siku za msongamano, kwa kila mtu, na haina tiketi ya kuingilia ndani yake.

Piga hesabu hivi. Chumba cha hoteli hiyo kikiwa dola 450 pamoja na kodi, na hoteli ya barabarani dola 150, tofauti ni 300. Watu wanne kununua Express kwa dola 180 kila mmoja ni 720 kwa siku, 1,440 kwa siku mbili. Ukihitaji pasi ya siku moja tu, kwa mtu mmoja au wawili hesabu hukaribiana. Kuanzia watatu, hoteli inashinda karibu kila mara.

Utaratibu: siku ya kuingia fika hotelini asubuhi mapema, hata saa 1 asubuhi, ingawa chumba hakitakuwa tayari hadi alasiri. Mwambie mhudumu wa mapokezi kwamba unataka pasi, acha mizigo, nenda bustanini. Siku ya kutoka rudisha chumba, acha mizigo tena, na pasi inaendelea hadi bustani ifungwe. Andikisha majina ya wote wanaolala chumbani, watoto pia, maana pasi zinatolewa kwa walioandikwa tu.

Kuna mitego mitatu. Hoteli nyingine za Universal, kama Cabana Bay, Aventura, Sapphire Falls, na hata Helios Grand iliyo mlangoni pa Epic Universe, hazitoi Express. Pili, pasi ya hoteli inafanya kazi Universal Studios Florida na Islands of Adventure tu. Epic Universe, iliyofunguliwa Mei 2025, na bustani ya maji ya Volcano Bay hazimo. Tatu, treni ya Hogwarts Express inahitaji tiketi ya bustani mbili kwa siku moja. Pasi ya kuruka foleni haitakuvusha bila tiketi hiyo.

Kuhusu Express ya kununua bila hoteli: inafaa kwa mtu mwenye siku moja tu Orlando, wakati wa likizo za shule, asiye na nafasi ya kurudi. Nunua ile isiyo na kikomo ikiwa tofauti ya bei ni ndogo, kwa sababu ya kawaida inakubali mara moja tu kwa kila mchezo. Soma orodha ya michezo iliyoachwa nje kwenye ukurasa wa siku unayonunua, kwani hubadilika, na mchezo mpya zaidi, ambao ndio wenye foleni, mara nyingi huchelewa kuingizwa.

Ya tatu: Lightning Lane Multi Pass, lakini si kila bustani

Magic Kingdom ina michezo mingi kwenye pasi hii kuliko bustani nyingine tatu za Disney Florida, na hiyo ndiyo sababu hesabu inakubali. Hollywood Studios inafuata: michezo yake ni michache lakini karibu yote ina foleni ndefu. EPCOT na Animal Kingdom tunashauri usinunue, isipokuwa wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya au Pasaka. Animal Kingdom hasa: ukiwahi asubuhi na ukatumia njia ya mpanda pweke, kinachobaki cha kuruka ni kidogo. Kilimanjaro Safaris, kwenye kijiji walichokiita Harambe, hupandwa vizuri asubuhi mapema wanyama wakiwa wanatembea, au jioni foleni ikiwa imepungua. Hakuna haja ya kuitumia pasi hapo.

Jinsi ya kuinunua bila kuharibu. Kwanza pakua programu ya My Disney Experience, weka tiketi za watu wote ndani yake na uwaunganishe kwenye kundi moja. Tiketi moja isipounganishwa, mtu huyo ataachwa nje ya kila nafasi mtakayoweka. Watoto chini ya miaka mitatu hawahitaji tiketi wala pasi. Kuanzia miaka mitatu bei ya pasi yao ni sawa na ya mtu mzima.

Wanaolala hoteli za Disney huanza kuchagua siku 7 kabla ya kuingia hotelini, na wanaweza kuchagua kwa siku zote za ziara hadi 14. Wengine wote huanza siku 3 kabla ya siku ya bustani. Mlango hufunguka saa 1 kamili asubuhi kwa saa za Florida. Aliyeko Afrika Mashariki, hiyo ni saa 8 mchana kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa 9 alasiri miezi mingine. Aliyeko Dubai au Muscat aongeze saa moja. Kadi ya benki iwe imeshawekwa kwenye programu siku moja kabla, na malipo ya nje ya nchi yawe yamefunguliwa na benki yako. Benki ikikataa malipo saa hiyo, hadi upige simu watoe kizuizi, nafasi nzuri zimeshachukuliwa.

Unachagua michezo mitatu. Kwenye Magic Kingdom, Hollywood Studios na EPCOT michezo imegawanywa makundi mawili: mmoja tu kutoka kundi la juu, miwili kutoka la pili. Magic Kingdom kundi la juu lina michezo kama Jungle Cruise, Peter Pan's Flight, Space Mountain na Tiana's Bayou Adventure. Hollywood Studios anza na Slinky Dog Dash bila kufikiri mara mbili. Huo ndio unaokwisha mapema.

Sasa sehemu inayowapotezea watu pesa kuliko zote. Ukishatumia nafasi ya kwanza, yaani ukishapita mlangoni na mkanda wa mkononi au simu ikasomwa, ndipo unaruhusiwa kuweka ya nne. Ukitumia nyingine, unaweka ya tano, na kuendelea. Aliyechagua saa 9, saa 10 na saa 11 alasiri amejifungia siku nzima: hawezi kuongeza chochote hadi alasiri, na wakati huo michezo mizuri imekwisha. Chagua muda wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 7 mchana kwa yote mitatu, hata kama inabidi kuchukua mchezo mdogo ili upate muda wa mapema. Baada ya kila mchezo, kabla hamjaondoka mlangoni, fungua simu uweke unaofuata. Anayefanya hivyo hupata sita hadi nane kwa siku. Anayesahau hupata mitatu yake na kulalamika kwamba amedanganywa.

Mwezi wa Juni hadi Septemba mvua za radi hunyesha Florida karibu kila alasiri, na michezo ya nje husimamishwa radi ikikaribia. Kwa hiyo ya nje yote weka asubuhi, ya ndani weka baada ya saa 8 mchana. Mchezo ukisimama ukiwa na nafasi yake, nafasi hiyo kwa kawaida hugeuka kuwa ya kutumika kwenye mchezo mwingine ndani ya orodha, kwa hiyo usiifute mwenyewe.

Disneyland ya California pia inastahili, hasa kwa sababu bustani zake mbili zinatazamana na picha za wapiga picha wa bustani zimo ndani ya bei. Mwishoni mwa 2024 ilianzia dola 32, na huwezi kuanza kuweka nafasi kabla hujaingia.

Ya nne: kulipia mchezo mmoja tu

Njia hii haijulikani sana, na kwa wenye mfuko mdogo ndiyo tunayoipenda. Michezo yenye foleni ndefu zaidi haimo kwenye Multi Pass. Inauzwa peke yake kwa jina la Single Pass, kati ya dola 10 na 25 hivi kutegemea siku. TRON Lightcycle / Run iko hivyo Magic Kingdom, Cosmic Rewind EPCOT, Rise of the Resistance Hollywood Studios, Flight of Passage Animal Kingdom. Huna haja ya kununua Multi Pass ili uipate. Foleni ya Flight of Passage ikisoma dakika 100, kwa kipimo chetu unaokoa saa moja na dakika tano hivi. Kwa dola 16 ni dola 15 kwa saa. Inakubalika. Na kwa EPCOT au Animal Kingdom, Single Pass moja pamoja na kuwahi asubuhi inatosha siku nzima.

Paris wanaiita Premier Access One, inauzwa kwenye programu ukiwa ndani ya bustani, kuanzia yuro 5 hivi kwa mchezo mdogo. Subiri ufike, tazama ubao, kisha amua. Usilipe kwa foleni iliyo chini ya dakika 40. Disney ya Tokyo ina Premier Access ya yen 1,500 hadi 2,500 kwa mchezo, lakini kando yake kuna Priority Pass isiyolipiwa kwa michezo mingine. Chukua hiyo mara tu ukiingia, halafu ndipo ufikirie kulipa. Na walioko Ujerumani wajue kwamba Europa-Park ina foleni ya simu, VirtualLine, bila malipo kabisa.

Kabla ya kulipia mchezo wowote mmoja, pima urefu wa mtoto nyumbani akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Slinky Dog Dash ni sentimita 97, Rise of the Resistance 102, Cosmic Rewind 107, Space Mountain na Flight of Passage 112, TRON 122. Universal ni kali zaidi: VelociCoaster 130, Hulk 137. Mhudumu atampima tena mlangoni kwa fimbo na hatabembelezwa. Kipimo hicho kinategemea mkanda na chuma cha kumshika mtoto kitini. Ikiwa watoto wako wako chini ya sentimita 100, sehemu kubwa ya kile pasi inachouza hawataweza kukipanda, na michezo ya wadogo kwa kawaida ina foleni fupi.

Ya tano: tiketi ya usiku

Magic Kingdom na baadhi ya bustani nyingine za Disney Florida huuza usiku wa After Hours tarehe maalumu: bustani inafungwa kwa wengine, idadi ndogo ya watu inabaki saa tatu zaidi. Tiketi ni dola 150 hadi karibu 200, na wenye tiketi hiyo huruhusiwa kuingia kuanzia saa 1 jioni bila tiketi ya mchana. Aiskrimu, bisi na vinywaji vimo. Foleni nyingi huwa dakika chache. Kwa vijana na watu wazima wenye jioni moja tu Orlando, hii inashinda tiketi ya mchana pamoja na Multi Pass. Kwa mtoto anayelala saa 2 usiku, usijaribu.

Ghuba: amua ukiwa ndani

Abu Dhabi na Dubai ni karibu zaidi kwa watu wetu wengi, na ushauri ni mfupi. Siku za kazi, nje ya likizo za shule na Idi, foleni za Ferrari World na Warner Bros. World kule Abu Dhabi mara nyingi hazihitaji Quick Pass, pasi yao ya kuruka foleni. Jumamosi na Jumapili, tangu wikendi ya Emirati ilipohamishwa mwaka 2022, ndizo za kuogopa, na Ijumaa alasiri pia. Usinunue Quick Pass mtandaoni pamoja na tiketi. Ingia, tembea hadi kwenye michezo mitatu unayoitaka, soma ubao, kisha rudi kwenye dirisha la mauzo ikiwa lazima. Wengi wanainunua kwa ajili ya Formula Rossa inayofika kilomita 240 kwa saa, lakini njia yake iko nje, na upepo mkali au mchanga huisimamisha. Uliza kama inatembea saa hiyo kabla ya kutoa kadi.

Mwisho wa orodha: pasi za bei kubwa

Lightning Lane Premier Pass ilianza Oktoba 2024, na mwaka huo iliuzwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu kwa siku. Magic Kingdom peke yake ilianzia 329. Hupangiwi saa, lakini ni mara moja tu kwa kila mchezo. Ukiokoa hata saa tano, ni zaidi ya dola 65 kwa saa, mara tano ya saa ya tiketi. Familia ya wanne ingelipa dola 1,316. Kwa tiketi ya dola 156 tuliyoitumia juu, pesa hiyo inatosha kununua siku mbili zaidi kwa wote wanne. Premier Access Ultimate ya Paris, kuanzia yuro 90 hivi, ina kasoro ileile: umelipia orodha nzima wakati foleni zinazouma ni tatu au nne.

Kwa ukoo mkubwa kuna hesabu moja ya kushangaza. Mwongozaji binafsi wa Disney huchukua hadi watu 10, si chini ya saa 7, na bei imekuwa ikianzia dola 450 kwa saa. Kwa siku ya bei ya chini, 3,150 ukigawa kwa kumi ni 315 kila mmoja, chini ya Premier Pass ya Magic Kingdom, na mnaweza kurudia michezo na kuhama bustani mkiwa na tiketi za kuhama. Mko kumi kamili, mnalipia. Mko sita, msiguse.

Unapolipa, na baada ya kulipa

Nunua kwenye programu au tovuti ya bustani yenyewe tu. Pasi zimefungwa kwa tiketi yako na haziuziki kwa mtu mwingine, kwa hiyo anayekuuzia kwenye Facebook «nafasi zilizobaki» anakuuzia hewa. Usimpe mtu nywila ya akaunti yako ili akuwekee nafasi, kwa kuwa kadi yako iko humo humo.

Beba betri ya akiba ya angalau mAh 10,000. Kuangalia nafasi siku nzima na mwanga wa skrini ukiwa juu kwenye jua humaliza simu nyingi kufikia saa 8 mchana, na pasi ikiwa kwenye simu iliyozima, huna pasi. Mkanda wa MagicBand au kadi ya tiketi iliyounganishwa hufanya kazi mlangoni hata simu ikizima, lakini kuweka nafasi mpya lazima simu.

Ukichelewa muda wako kwa dakika chache, nenda hata hivyo. Wahudumu wengi huwa na uvumilivu mdogo, ila usiupangie ratiba. Ukiwa na tatizo kubwa zaidi, mchezo umefungwa au nafasi imepotea, usibishane na kijana wa mlangoni, hana uwezo wa kurekebisha. Tafuta wahudumu waliosimama chini ya miavuli ya bluu, siku hiyohiyo kabla hamjatoka, ukiwa na picha ya skrini inayoonyesha nafasi na saa.

Na ikiwa kuna mtoto au mtu mzima katika familia asiyeweza kukaa foleni ndefu kwa sababu ya usonji au hali inayofanana nayo, usianze kwa kununua chochote. Disney wana huduma isiyolipiwa iitwayo DAS, ya kusubiri nje ya foleni, inayoombwa kwa simu ya video kabla ya safari. Tangu 2024 vigezo vimekazwa, kwa hiyo piga mapema ili jibu likikataa bado uwe na muda wa kupanga mengine. Universal wana utaratibu wao, nao huanzia kwenye kujisajili mtandaoni siku kadhaa kabla ya kufika.